Kafara ya Moshi

Lori likimgonga mtu Buguruni, watu hujaa barabarani kabla vumbi halijatua. Dereva huteremshwa, namba za gari huandikwa, trafiki huitwa, na jioni msibani kila anayeingia huuliza kama dereva kakamatwa. Lori hilohilo likipita mlangoni pa mtu kila siku kwa miaka ishirini, likimpulizia moshi mweusi, kisha siku moja moyo wake ukasimama akiwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hakuna anayeuliza kitu. Tunasema siku yake imefika. Tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Tunatenga maji ya kuoshea.

Maneno hayo nayasikia kuliko watu wengi, kwa sababu mimi ndiye ninayeitwa. Naosha maiti za wanawake, kazi niliyoachiwa na mama mkwe wangu, na asubuhi nafundisha watoto madrasa. Naishi karibu na Barabara ya Mandela, ile inayotoka Ubungo, ikapita kwetu, ikakata TAZARA na kushuka bandarini. Malori ya Zambia na Kongo hayalali. Misahafu ya watoto naipangusa asubuhi, na ikifika Alasiri kidole changu kinarudi cheusi.

Sina ubishi na kauli kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Hiyo ni itikadi yangu na nitakufa nayo. Ninachokipinga ni kazi tunayoipa kauli hiyo. Tunaitumia kufunga mjadala ambao dini yenyewe haijaufunga. Mauti kuwa na wakati wake ni jambo moja. Nani ataulizwa kuhusu mauti hayo ni jambo jingine, na vitabu vyetu vimeyatenganisha tangu zamani.

Niseme kwanza ninachokiona na nisichokiona. Aliyeungua namjua nikifunua shuka. Mwenye kisukari miguu yake hunieleza. Aliyekufa uzazini hahitaji kuelezwa. Lakini aliyekufa kwa moyo mara nyingi ni mwili mzima kabisa, mwanamke aliyenona, kucha zina hina ya harusi ya juzi. Namwosha kwa maji ya mkunazi, namtia karafuu maiti kwenye viungo vya kusujudia, namvika nguo tano za sanda, na sijaona hata alama moja ya barabara juu yake. Moshi hauachi jeraha nje. Kwa hiyo kwa macho yangu siwezi kushuhudia chochote, na msomaji asinichukue kama daktari. Ninayoyajua nimeyapata kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi, na kwa kusoma anachoniletea.

Mimi, kama wengi, nilidhani moshi ni shauri la kifua: kikohozi, pumu, mafua yasiyoisha. Binti yangu alinionyesha hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mwaka 2019 shirika hilo linakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani, na asilimia 68 kati ya hivyo vilikuwa vya moyo na kiharusi. Saratani ya mapafu ilikuwa asilimia 4 tu. Nilimwambia asome tena, nikidhani kageuza. Hakugeuza. Kinachoingia kwa pua kinaua zaidi kwa kupitia moyo na mishipa ya damu.

Namna yake ni hii, kwa jinsi nilivyoelewa. Moshi wa dizeli, wa taka na wa mkaa una chembe ndogo sana, zile za chini ya mikromita 2.5, ambazo unywele wa kichwa ni mnene kuziliko mara 20 na zaidi. Vumbi la kawaida pua hulinasa na koo hulitema. Hizi hazinaswi. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo kati ya hewa na damu pana utando mwembamba mno. Hapo mwili unazipokea kama adui: unawaka uvimbe wa ndani, na uvimbe huo haubaki mapafuni, unasambaa na damu. Kuta za mishipa zinapoteza ulaini wake, presha inapanda, damu inakuwa rahisi kuganda, na neva zinazoongoza mapigo ya moyo zinavurugika. Mwenye mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa, na baada ya miaka hamsini wengi wanayo, siku moja yanaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake, na njia ya kwenda moyoni ikazibwa.

Chembe zilizo ndogo zaidi ya hizo hazihitaji hata kusubiri uvimbe, zinapenya zenyewe. Wataalamu wa Edinburgh walitaka kulihakikisha hilo. Masizi ndani ya damu ni vigumu kuyatambua, kwa hiyo wakatumia dhahabu, ambayo mwilini haina kazi na haina sababu ya kuwepo. Waliojitolea walivuta hewa yenye chembe za dhahabu ndogo mno, kisha wakapimwa. Matokeo yalichapishwa 2017: dhahabu ilionekana kwenye damu, na miezi mitatu baadaye bado ilikuwa ikitoka kwenye mkojo. Kwa wagonjwa wachache waliokuwa wakingoja kupasuliwa mshipa wa shingo, dhahabu ilikutwa ndani ya yale mafuta yaliyoganda, yaani palepale panapozaliwa kiharusi. Miaka kumi kabla yake, wanaume 20 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo na kupona walipanda baiskeli za mazoezi ndani ya chumba, wakivuta moshi wa dizeli uliopunguzwa makali. Mashine ya moyo ilionyesha kwamba damu iliyofika kwenye msuli wa moyo ilipungukiwa zaidi kuliko siku walipovuta hewa safi. Wao wenyewe hawakusikia maumivu yoyote. Na Augsburg, Ujerumani, walionusurika na mshtuko waliulizwa walikuwa wapi kabla haujawapata; ikaonekana kwamba katika saa moja baada ya kuwa barabarani kwenye magari, hatari ilikuwa karibu mara tatu. Barabarani kuna kelele na wasiwasi pia, sio moshi peke yake. Lakini nani kwetu anavipata hivyo kimoja kimoja?

Ninalipenda jambo moja katika habari hii, na msomaji aniruhusu nilitaje hata kama halisukumi hoja. Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika sawasawa kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni kuchanganyika na hewa, kisha ikarudi upande wa kushoto, alikuwa Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Damascus na kufia Cairo mwaka 1288. Aliyaandika hayo katika sherehe yake ya kitabu cha Ibn Sina, akimkosoa Ibn Sina na Galen pamoja, na maandishi hayo yakasahaulika hadi daktari wa Kimisri alipoyafukua kwenye maktaba ya Berlin mwaka 1924. Tunamsifu kama tabibu. Huwa hatukumbuki kwamba alikuwa pia mwanafiqhi, wa madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu ya pwani hii, na akiyafundisha. Njia ya kutoka puani hadi moyoni ilichorwa na mtu aliyejua pia hukumu za diya, fidia wanayolipwa warithi wa aliyeuawa. Laiti angeyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja.

Sasa turudi msibani.

Anayesema kwamba kuulizia moshi ni kupingana na kadari ajibiwe kwa kisa cha Sayyidna Umar. Alikuwa njiani kwenda Sham na masahaba wengi. Walipofika mahali paitwapo Sargh wakapata habari kwamba tauni imeingia huko mbele. Umar akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureishi, na mwisho akaamua warudi. Sahaba Abu Ubaida hakupendezwa. Akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja kavu: popote atakapolisha, kalisha kwa kadari. Wakati wa korona kisa hiki kilisimuliwa mpaka wanafunzi wangu wadogo wakakijua. Korona ilipopungua tukakirudisha kabatini, kana kwamba kilishuka kwa ajili ya ugonjwa mmoja.

Abu Ubaida, kwa taarifa, alibaki Sham na tauni ile ndiyo iliyomchukua. Hakuna anayemlaumu. Lakini ng'ambo kavu ya bonde hakuikausha yeye, wala hakulipwa kwa kuikausha.

Wapo wenye elimu zaidi wanaonijia na Ghazali. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alisema kwamba pamba ikigusana na moto haiungui kwa nguvu ya moto. Mungu ndiye anayeumba kuungua pale vinapokutana. Basi, wananiambia, vivyo hivyo moshi na moyo: moshi hauui. Nakubali. Kisha nawauliza swali la kitoto: mtu akitia moto ghala la pamba la jirani, halipi? Ghazali mwenyewe aliandika fiqhi, na katika fiqhi yake anayeharibu analipa. Anayeumba ni Mungu, anayedaiwa ni mja, na sijaona mwanazuoni aliyeona ugumu wa kuyashika hayo mawili kwa pamoja. Ugumu unaanza tu pale mdaiwa anapokuwa tajiri.

Wala tusidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ulilala juu ya mji mpaka watu wakapotea mitaani kwao. Mwanzo walihesabu vifo vya ziada kama 4,000. Watafiti wa baadaye wameona vilifika 12,000, kwa sababu watu waliendelea kufa kwa wiki nyingi baadaye. Hivyo vya wiki za baadaye serikali ilivipa jina la mafua. Sisi tunasema siku zao zilifika, wao walisema mafua, na kazi ya maneno hayo mawili ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba wao hawakuishia hapo: mwaka 1956 Bunge lao likapitisha sheria ya hewa safi.

Hapa binti yangu alinibana. Kama sheria ile ilipunguza vifo, akaniuliza, ina maana Bunge la Uingereza lilisogeza mbele siku za watu ambazo Mungu alishaziandika? Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamjibu kama nilivyofundishwa: aliyeandika siku aliandika na sababu zake, na sheria ile ni moja ya sababu zilizoandikwa. Mtu hapewi umri mtupu. Anapewa umri pamoja na chakula, jirani, barabara na wabunge wake. Kwa hiyo aliyeikalia sheria miaka kumi kwenye droo naye yumo ndani ya kadari, kama alivyomo muuaji na alivyomo daktari, na kuwemo kwake hakumwokoi na swali.

Hilo la kadari kwangu si gumu. Gumu ni hili la pili.

Nina jirani dereva wa lori, mtu wa swala, anayenisaidia kubeba maji ya msiba bila kuitwa. Nilimweleza haya yote jioni moja barazani. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhat, gari si yangu. Nikikataa kuliendesha, kuna vijana wanasubiri funguo. Na nikikubali kwamba moshi unaua, moshi wangu mimi peke yangu umemuua nani? Nionyeshe kaburi lake, niende nikaombe radhi."

Sikuwa na kaburi la kumwonyesha, na hakuna atakayekuwa nalo. Toa lori lake barabarani, wanawake walewale watakufa siku zilezile. Toa lori la mwenzake, vilevile. Kila mmoja akitolewa peke yake hakuna anayeokoka, na wote wakiwa pamoja watu wanakufa. Basi muuaji yuko wapi? Nchi nyingine hata mahakama zimehangaika na swali hili. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyeishi Lewisham kando ya barabara kubwa ya kusini mwa London, alikufa Februari 2013 kwa pumu, baada ya kulazwa hospitali mara nyingi. Ilimchukua mama yake hadi Desemba 2020 kupata uamuzi wa mchunguzi wa vifo kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha mwanawe, wa kwanza wa namna hiyo Uingereza. Hakuna dereva aliyetajwa, maana hayupo wa kutajwa. Kilichotajwa ni moshi wa magari, na serikali kushindwa kuupunguza hadi viwango vinavyoruhusiwa.

Lakini mwanafiqhi wetu hakuhitaji kusubiri 2020. Swali la wengi kumuua mmoja liliulizwa zamani. Huko Sana'a, Yemen, kundi la watu lilimuua mtu mmoja kwa hila, na Umar akawahukumu wote, akasema kwamba hata watu wote wa Sana'a wangeshirikiana angewahukumu wote. Wale walikusudia, dereva wangu hakukusudia. Kwa hiyo kisa hicho nakiweka kando, nafungua mlango wa mauaji ya bahati mbaya. Huko ndiko nilikopata nilichokuwa nakitafuta.

Katika *Minhaj* ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa pwani hii kutoka Lamu hadi Kilwa, mna mambo matatu ambayo nikiyaweka pamoja usingizi unapungua. La kwanza: anayemuua mtu bila kukusudia hana dhambi ya muuaji, ila ana deni. Warithi wanalipwa diya, nayo hubebwa na ukoo wake, na mbali na diya yeye mwenyewe ana kafara kwa Mungu: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. La pili: si lazima mkono wako umguse. Aliyechimba kisima njiani pasipo haki, mtu akatumbukia usiku akafa, mchimbaji ni mdaiwa ingawa alikuwa amelala kwake. La tatu ndilo lililonifanya nifunge kitabu. Waliomuua mtu kwa kushirikiana, diya yao ni moja, wanagawana. Kafara haigawanywi. Katika kauli iliyo sahihi zaidi ya madhehebu, kila mmoja ana kafara yake kamili.

Fikiria maana yake. Deni la binadamu linapungua kadiri wadaiwa wanavyoongezeka. Wakiwa wengi vya kutosha, fungu la kila mmoja halinunui hata andazi. Ndiyo hesabu ya jirani yangu, na kwa upande wa diya hesabu yake haina kasoro. Deni la Mungu halijui kugawanya. Wingi wa wenzako hautapunguza hata siku moja ya ile miezi miwili.

Sitoi fatwa. Mimi si wa kutoa fatwa, na najua mwanazuoni atanirudi kwamba kisima kina mchimbaji mmoja na maiti mmoja, ilhali moshi hauna hiki wala kile, na kwamba kafara inataka kifo kilichothibitika. Ni kweli. Sisemi dereva afunge miezi miwili. Nasema kwamba sheria ambayo imeona mapema kiasi hicho kwamba wingi wa washiriki unagawa malipo lakini haugawi uzito mbele ya Mungu, haiwezi kutumiwa leo kutuambia kwamba kwa kuwa tumechangia wote, basi hakuna aliyefanya.

Liko pia suala la kujua na kutojua. Aliyechimba kisima porini asikokujua kuna njia, si sawa na aliyeambiwa "hapa watu wanapita" akaendelea kuchimba. Mpaka juzi sote tulikuwa hatujui. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Leo hayo yamechapishwa, yanatangazwa redioni, na kila mwenye ofisi ya kutoa vibali anayo mezani. Kila anayejua anazidi kusogea kutoka upande wa bahati mbaya kwenda upande wa uzembe.

Hata hivyo mizani lazima iangalie uwezo, la sivyo tutaishia kumbebesha dhambi mama lishe na jiko lake la mkaa. Dini haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na dereva asiye na gari la pili ana dharura yake. Wenye uwezo ni wale ambao uamuzi wao mmoja unabadilisha moshi wa magari yote kwa pamoja. Na wakitaka inawezekana, tumeona. Petroli yenye risasi, sumu inayoharibu akili za watoto na kupandisha presha za wakubwa, ilikoma kuuzwa karibu Afrika yote ya kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na duniani kote kwa magari mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hakuna dereva aliyetakiwa kuwa shujaa. Watu wachache wenye kalamu walikaa, wakasaini, na mafuta yakabadilika. Lakini mafuta mazuri ndani ya injini iliyochoka bado yanatoa moshi mweusi, na gari linalotoa moshi mweusi linapita mbele ya trafiki mchana kweupe. Hapo tena kuna mwenye kalamu.

Nimeambiwa kwamba haya ni maneno ya watu walioshiba: moshi ndio ugali, ukifunga moshi umefunga na kazi. Nayasikia, ila natazama nani anayekula ugali na nani anayekula moshi. Tajiri wa malori hakai Buguruni. Shirika la Afya linasema asilimia 89 ya vile vifo milioni 4.2 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na ndani ya nchi hizo si vigumu kukisia ni mtaa gani. Anayeuza maji kwenye foleni ya TAZARA, trafiki mwenyewe, kijana wa bodaboda, vijana wanaochoma nyaya wapate shaba ya kuuza kwa kilo: hao ndio wanaovuta faida ya mwenzao.

Mwisho nije nyumbani kwa Mungu, maana siwezi kuwanyooshea kidole wenye kalamu nikaacha msikiti. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwataka waliokula vitunguu saumu vibichi wasiukaribie msikiti wake, kwa sababu harufu inawaudhi wengine. Harufu tu, isiyomdhuru mtu mishipa wala moyo! Sisi tumewasha jenereta nyuma ya kibla, moshi wake unaingia safu ya kwanza walikokaa wazee wenye presha, na Jumamosi tunakusanya chupa za plastiki na sahani za karamu tukazichoma ukutani, chini ya madirisha ya upande wa wanawake. Kule Tunis, karne ya 14, fundi mwashi aitwaye Ibn al-Rami aliandika kitabu cha hukumu za majengo kwa mujibu wa Wamaliki, na moshi wa tanuri na wa hamamu akauhesabu katika madhara ambayo jirani ana haki ya kuyazuia. Sisi Mashafi tumempa mwenye nyumba uhuru zaidi wa kufanya atakalo kwake. Katika hili nadhani Wamaliki walitushinda.

Basi kamati ya msikiti wetu, na ninajua wawili kati yenu mtasoma hapa: jenereta ihamishiwe upande wa barabara na iwekewe bomba refu kabla ya Ramadhani, na taka za karamu zipelekwe kwenye gari la taka badala ya kiberiti. Gharama tutachangishana, wanawake tuko tayari na fungu letu. Na maimamu, nawaomba Ijumaa moja tu: mwelezeni muumini mwenye malori, pale safu ya mbele, hukumu ya mchimba kisima njiani. Msimtaje jina. Isomeni tu kama ilivyo kitabuni, hadi pale kwenye kafara.